Ukuta Ndani ya Ukuta

Kwetu Tanga, enzi hizo, mtu mwenye nyumba ya udongo akitaka kuigeuza ya tofali hakuibomoa kwanza. Ubomoe, kesho asubuhi bwana wa majengo wa manispaa yuko mlangoni na jalada kwapani, anauliza kibali kiko wapi! Ukuta mpya ulipandishwa kwa ndani, umeupa mgongo ule wa zamani, na wa zamani ukaachwa umesimama kama pazia. Wapita njia waliona udongo uleule na chokaa ileile. Siku bati likishakaa, udongo wa nje uliangushwa asubuhi moja, na majirani wakasema mashaallah, nyumba imekamilika. Nani atakuja kuvunja nyumba yenye bati na watu ndani?

Ndivyo nilivyotaka kuifanya nyumba ya mama. Aliachiwa na babake, vyumba sita na ukumbi katikati, huko Ngamiani, na yeye chumba chake kilikuwa cha nyuma, kinachotazama uani. Mimi na mke wangu na watoto tulikaa humo tangu nilipooa. Kwa miaka mingi tulishindwa hata kuziba nyufa. Saruji ilitengenezwa hapohapo kwetu, malori yakitupita yamejaa, lakini kuupata mfuko mmoja mpaka uwe na kibali cha saruji, na ukionekana na mifuko mitano watu walianza kukutazama kama mlanguzi. Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Saruji ikaonekana madukani, na kila mwenye chumba cha mbele akatoboa dirisha akaanza kuuza sabuni na biskuti. Nami nikataka duka. Sasa duka la ukuta wa udongo si duka, ni sadaka kwa wezi. Wanamwagia maji, wanachimba, asubuhi unakuta tundu la kupita mtu. Kwa hiyo tofali ilikuwa lazima.

Fundi wangu, Mdigo mmoja mwenye maneno mengi kuliko mwiko wake, ndiye aliyenitoa wasiwasi. "Kibali kinatakiwa kwa kinachoonwa na barabara," alisema. "Cha ndani ni chako na Mungu wako. Ukipaka chokaa, watakuuliza? Ukibadili makuti, watakuuliza? Basi na ukuta huu uhesabu ni kabati." Nilicheka, nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Mwenzangu mmoja kazini aliyejua kuchora alinichorea ramani ili fundi apate vipimo, nikaiviringisha nikaiweka juu ya kabati la ukumbini. Tukaanza na chumba cha mama, kwa kuwa ndicho kilichojificha zaidi. Yeye nikamwambia alale na watoto kwa muda. Hakubisha. Aliuliza tu muda gani, nami nikamwambia si mrefu.

Tulikuwa tumepandisha mistari mitano ya tofali alipoingia bwana wa majengo. Hakuzunguka nyumba, hakutazama mbele, hakuuliza chochote barazani. Alipiga hodi, akamwamkia mama, "Shikamoo bibi," mama akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa, na yule bwana akakata moja kwa moja hadi chumba cha nyuma akaweka kiganja kwenye tofali mbichi. Fundi alikwisha toka kwa mlango wa uani na timazi yake.

"Hii ni nini?" aliniuliza.

"Ukarabati," nikasema.

"Ukarabati ni kupaka chokaa, kuziba ufa, kubadili makuti au bati bovu. Kwa hayo huna haja ya kuja kwetu. Ukichimba msingi, ukipandisha ukuta, ukiongeza chumba, ukichimba choo, au ukigeuza chumba cha kulala kuwa duka, unakuja kwanza na ramani, na unaonyesha nyumba ni ya nani. Ndani ya nyumba au nje, kwetu ni mamoja."

"Duka? Nani kakwambia habari ya duka?"

Alifunga jalada lake. Akachora alama ya X kwa rangi nyekundu juu ya tofali, akaniambia kazi isimame, la sivyo wangekuja kuvunja. Alipotoka alimuaga mama kwa adabu, na mama akamwombea safari njema.

Wallahi sikula siku ile. Aliyenichongea alikuwa mtu wa ndani, hilo nililijua kama ninavyojua jina langu, maana hakuna mpita njia angeweza kuona chumba cha nyuma wala kujua habari ya duka. Nikaanza kuwapekua watu moyoni, mmoja mmoja. Fundi? Angejikatia riziki yake mwenyewe? Mke wangu nilimuuliza amesema nini bombani, akanijibu kwamba bombani watu wanateka maji, na kama namshuku yeye basi nikajipikie. Muuza maji nilimkataza kuingia uani, maskini, akabaki anamimina ndoo mlangoni na kunitazama kama nimechanganyikiwa. Hata watoto niliwahoji.

Mwisho nikamfikia jirani. Alikuwa mzee wa umri wa mama, karani mstaafu, ukuta wetu na wake unagusana. Huyu ndiye aliyeniuliza siku mkokoteni ulipoleta mchanga, "Huu wa nini, mwanangu?" nami nikamwambia wa kuku kujigaragaza. Na siku mbili kabla ya bwana wa majengo kuja, nilirudi kutoka kazini mapema nikamkuta anatoka ukumbini kwetu, anatia miwani mfukoni, mama anamsindikiza. Aliponiona alitazama chini. Ala! Nilikuwa nahangaika na muuza maji, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Sikungoja. Nilimkabili watu wakitoka msikitini alasiri, mbele za wazee wenzake, bila haya. "Mzee, umeniuza," nikamwambia. "Umeingia nyumbani mwangu ukanywa kahawa yangu, ukatoka ukaniuza."

Nilitegemea akane, au aape, au angalau anitukane. Alisema, "Mungu akusamehe, mwanangu," akaingia kwake. Hilo kwangu lilikuwa ushahidi tosha. Asiye na hatia hujitetea, au sivyo?

Tangu siku hiyo sikumwamkia. Nilipita mbele ya baraza yake asubuhi na jioni, kimya, na kumpita mzee bila shikamoo kwetu ni jambo la kusimuliwa hadi Pongwe. Mama akaniambia, "Mwamkie mzee yule." Nikamwambia siamkii mnafiki. Akaendelea kusuka ukili wake.

Masika yakatukuta hivyo, msingi wa upande wa kichochoro bado wazi, maji yamejaa kwenye mtaro chini ya ukuta wa zamani. Ukuta wa udongo ukiloweshwa miguu hauna dawa. Ulianguka alasiri moja, wote kwa mpigo, fito na boriti zikabaki zimechomoza, na kichochoro kizima kikaona kitanda cha mama, sanduku lake, na nyuma yake mistari yangu mitano ya tofali na X nyekundu. Wanawake walikuja wakasaidia kuokota kanga zake kwenye tope. Mama alisimama tu akitazama. Niliona aibu, niseme kweli, lakini aibu yangu ilikuwa ya ile X.

Nikafunga turubai. Kulipokucha nikasema potelea mbali, naenda kuomba kibali kama watu wengine. Nikachukua ramani juu ya kabati. Mama alikuwa amekwisha vaa buibui.

"Twende wote," akasema.

"Mama, kule kuna foleni na ngazi."

"Nimesema twende."

Ofisini tulisubiri benchi hadi miguu ikafa ganzi. Tulipoingia, yule bwana wa majengo aliinuka. "Bibi, shikamoo. Karibu tena."

Tena? Nilimgeukia mama. Hakunitazama. Alikuwa anajiweka sawa kitini.

"Nilikuja kumuuliza," akasema, "mtu akijenga ndani ya nyumba ya mwenzake, kibali hutoka kwa jina la nani. Akaniambia la mwenye nyumba. Basi nikamwomba aje akusimamishe mpaka nijue naishi kwa nani. Sikumwomba avunje."

"Mama! Unanishuku mimi? Mwanao?"

"Fungua ramani yako."

Sikuifungua. Mama husoma msahafu, herufi hizi zetu za ofisini hazijui, na hapo ndipo nilipoielewa ile miwani. Jirani hakuja kupeleleza. Aliitwa amsomee. Alimsomea juu kabisa, palipoandikwa nyumba ya nani, na palikuwa na jina langu. Halafu akamsomea vyumba, kimoja kimoja, na chumba cha nyuma kilikuwa kimeandikwa stoo.

"Alinisihi nisikwambie mbele ya mkeo," mama akasema. "Alisema utaona haya mwenyewe. Ndipo ukamfuata msikitini."

Bwana wa majengo alijishughulisha na karatasi zake. Akasogeza fomu upande wangu, na mstari wa kwanza uliuliza jina la mwenye nyumba. Nimejitetea mara nyingi tangu hapo, kwamba yule mchoraji aliuliza tu naandika jina gani nami nikajibu bila kufikiri. Ni kweli sikufikiri, na ubaya wenyewe ndio huo. Niliandika jina la mama, la babake na la babu yake, kama alivyonitajia, pole pole, mbele ya mgeni.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika karibu na sokoni akasimama kupumzika, akaniuliza bila hasira yoyote, "Hebu niambie. Mimi ungenilaza wapi?"

"Chumba cha mbele, mama," nikasema upesi.

"Cha mbele umeandika duka."

Nikajaribu kukumbuka kingine. Vyumba vilikuwa sita, nami nilikuwa nimevigawa vyote.