Filamu Namba Moja ya Odile

Mkata tiketi wa sinema yetu hapa Lyon ni mtaalamu wa filamu, ingawa hakuna aliyemwomba awe. Kila Jumatano anafuta ubao kwa mkono wa koti lake na kupanga upya filamu kumi bora za mwigizaji Odile Ravenel. Namba moja tu haiguswi: kichekesho cha hotelini ambacho Odile mwenyewe alikikana.

"Ndugu yangu, wewe huna macho," huniambia kila nikimuuliza kwa nini.

Jana kilionyeshwa, tukawa watazamaji watatu. Odile alipoanza kulia mezani, mzee wetu wa tiketi akasimama gizani kunyooshea pazia kidole. Nyuma ya Odile akapita mhudumu kijana na sinia, sekunde mbili, masikio yaleyale ya mzee.

"Umeona alivyonitazama?" akaninong'oneza.

Odile alikuwa amempa mgongo, leso usoni.

"Nimeona," nikamwambia.