Damu ya Mume, Damu ya Mke

Fundi cherehani alikutwa na homa ya ini aina ya C alipopimwa kabla ya kupasuliwa uvimbe. Akarudi nyumbani akasema ukweli wote, mjinga wa watu. Mumewe, dereva wa lori, akapimwa naye akakutwa nayo. Hapo hukumu ikapita: aliyegundulika kwanza ndiye aliyeleta.

Aliyehukumu ni mama mkwe. Alikuwa mhudumu wa wodi zamani, na mtaa mzima ulimwita Bibi Sindano kwa sababu kila mwenye homa au mgongo mbovu alichomwa sebuleni kwake. Bomba lake la sindano, la kioo, alilipenda kuliko mkaza mwanawe, na hakuficha. Akamtengea fundi sahani na kikombe, akakipaka kikombe rangi nyekundu, akawatangazia majirani kwamba mwanamke anayeshinda sokoni na vitambaa hakosi wanaume. Mume wa fundi alisikia, akala chakula chake kimya. Kimya hicho kilimuuma fundi kuliko matusi.

"Utaondoka," Bibi Sindano akamwambia. "Mtoto anabaki. Ni damu yetu."

Siku zile watu wa hospitali walikuwa wakipita kuchukua damu za wagonjwa wa homa hiyo mtaani, wajue ni virusi vya namna gani vimeenea. Bibi Sindano aliposikia kwamba kirusi hiki hubadilika kidogo kidogo kinapopita kwa mtu na mtu, na kwamba kwa kukilinganisha huweza kujulikana nani na nani wamepata kwa njia moja, alifurahi mno. Akamsukuma mwanawe atoe damu, yeye na mkewe. Alitaka ushahidi, bibi wa watu.

Majibu yalipokuja, daktari aliyaleta nyumbani, akamuuliza fundi kama mama mkwe anaweza kuwapo.

"Akae," fundi akasema. "Aliponitukana, mtaa mzima ulikuwapo."

Daktari akaeleza kwamba virusi vya mke na vya mume ni vya koo mbili mbalimbali, hivyo hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Vya mke huenda alivipata kwenye damu aliyoongezewa alipojifungua. Vya mume vinafanana na vya wagonjwa wengi wa mtaa ule, kama watoto wa tumbo moja. Akamuuliza dereva amewahi kuchomwa sindano wapi.

 Dereva alimgeukia mama yake.

"Mama, lile bomba ulikuwa unalichemsha?"

"Nilikuwa nafuta sindano kwa spiriti," akasema, kifua mbele. "Kila mtu nilimfutia."

Daktari akafumba macho. Bibi Sindano akatazama uso mmoja mmoja, na alipoona hakuna wa kumsaidia akamnyooshea fundi kidole: huyu ndiye aliyetuletea wapima damu nyumbani. Hata aibu ilimkataa bibi yule.

Fundi akaingia chumbani, akatoka na mtoto mgongoni na nguo zake kwenye mfuko.

"Sasa unakwenda wapi?" mumewe akauliza. "Si imeonekana huna kosa?"

"Ndiyo maana naenda leo. Jana ningetoka na aibu yenu, na mtoto ningemwacha."

Bibi Sindano akauziba mlango kwa mwili wake. Mwanawe akamshika bega, akamsogeza kando.