Kipande Alichokiruka Mzee Shomari

Nakumbuka Jumapili moja ya mwaka 2016, mwanangu. Tulikuwa mtaa wa Doornfontein, huku ugenini kusini mwa Afrika, kwenye chumba changu cha kushonea, tukifanya mazoezi ya harusi iliyokuwa ifanyike Kensington wiki mbili mbele. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Ujana wa umri ulishanitoka, lakini kwenye fidla nilikuwa mbichi kabisa, mwaka wa pili tu tangu nianze kufundishwa. Na mwanafunzi wa mwaka wa pili, Mungu atunusuru, hakuna anayejua kumzidi.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Shomari, mtu wa Tanga kama mimi, mlinzi wa ghorofa moja Hillbrow. Alinifundisha wimbo wa kale wa kumtoa bibi harusi. Katikati yake kulikuwa na mahali ambapo yeye hunyamaza kidogo, halafu huendelea. Nikakishika kile kimya kwa heshima zote. Nikawaambia watu kwamba hiyo ndiyo asili yenyewe, ya Tanga, na wasiokijua ni waigaji tu. Nani aliniambia? Hakuna. Debe tupu haliachi kuvuma.

Siku hiyo akaja Haji, kijana wa Pemba, hana hata mwezi mjini, na fidla aliyoachiwa na marehemu babu yake. Tukampa nafasi apige. Alipofika penye kimya hakunyamaza. Akapandisha sauti nyepesi, zikazunguka, zikashuka. Nikaangua kicheko mbele ya watu wote.

"Eish, simama hapo! Mapambo hayo umeyaokota wapi? Wimbo huu hauna."

"Babu yangu akipiga hivi, mama."

"Basi babu yako alikosea."

Ndiyo, mwanangu, nilimwambia hivyo. Haji akaifunga fidla yake, akaaga kwa adabu, akashuka ngazi.

Mzee Shomari alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanionyesha kidole chake cha mwisho, kile kilichokakamaa.

"Saada, hiki kiliumizwa na mashine ya mkonge. Tangu hapo sifiki pale juu, ndiyo maana naruka. Kipande kile kimo kwenye wimbo, hakimo mkononi mwangu. Na wimbo wenyewe tuliletewa na Wapemba. Miaka thelathini sijakisikia, leo kimekuja chenyewe mlangoni, wewe umekifukuza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hukufundishwa hilo?"

"Si ukiimbe tu, mzee, tukishike," nikasema kwa woga.

"Kilikuwa kidoleni, hakikuwa kichwani. Kamtafute."

Sikulala vizuri wiki mbili zile. Namba yake ya simu hatukuwa nayo. Nilipanda na kushuka ghorofa za Hillbrow nikiuliza vinyozi, nikiuliza walinzi, nikiogopa labda keshaondoka mjini. Nikampata Ijumaa nje ya msikiti, kesho yake ndiyo harusi. Nikamwomba radhi. Akasema, "Yamekwisha, mama," na akaja.

Ukumbini Mzee Shomari alivuta kiti karibu na Haji kabisa, akatega sikio. Kijana alipiga vizuri mno. Alipofika pale, akanyamaza. Akaruka, vilevile kama nilivyotaka mimi.

Bibi harusi alipokwisha kukaa, Mzee akamwuliza Haji mbona hakupanda pale juu. Akajaribu mara tatu, namna tatu tofauti, kisha akaishusha fidla.

"Nimejiuliza wiki mbili nzima, mzee. Sijui tena ipi ya babu."

Mzee akamwambia zote nzuri. Nilijua anadanganya. Wenzetu wakanigeukia: Saada, wewe ndiye uliyemsimamisha siku ile, alipigaje? Sikusikiliza, mwanangu. Nilikuwa nacheka.

Kwa hiyo nakusihi. Ukimsikia mtu anapiga tofauti na ulivyofundishwa, nyamaza mpaka amalize. Muulize kajifunza kwa nani, na mwombe arudie. Mwalimu hakupi wimbo mzima, hukupa ule ambao mkono wake umeuweza, na mengine yako kwa watu usiowajua. Maji yakimwagika hayazoleki, nami nimejaribu kuyazoa miaka yote hii.

Mungu akupe sikio kabla ya ulimi. Akuletee wageni, na akupe adabu ya kuwapokea. Na kile kitakachopita mbele yako mara moja tu, akujaalie uwe kimya kinapopita. Amin.