Majivu ya Mahindi

Majira ya baridi ya miaka ile ya elfu mbili na kitu, mimi na mama tulipanga bustani ya msimu ujao jikoni kwangu, Saint-Gilles, huku Ubelgiji, na tulipanga kwa kugombana. Mimi nilitaka nyanya na karoti. Yeye alitaka maharagwe na lenga-lenga, mchicha wetu wa Kivu, basi. Nikigonga meza, naye anagonga. Kikombe kilianguka kikavunjika na hakuna aliyeinama kukiokota. Mwishowe nilimwachia, maana tangu atoke kwenye kambi ya wakimbizi kuja kwangu alikuwa anashinda dirishani na koti mwilini, haongei na mtu. Kile kiwanja kidogo kando ya reli, tulichopewa na chama cha bustani, ndicho pekee kilichomtoa nje.

Mama akasema udongo umechoka, unataka majivu. Kwetu shamba huchomwa kabla ya kupandwa, hakuna anayeuliza. Basi Jumamosi moja ya baridi kavu tukakusanya mabua ya mahindi ya mwaka uliopita, ambayo hata hayakukomaa, mama akayawasha. Upepo ukageuka. Moto ukarukia majani makavu ambayo jirani yetu, mzee wa Kibelgiji, alikuwa amefunikia vitunguu saumu vyake, ukala na mlango wa kibanda chake cha zana.

Alipofika mbio tulikuwa tumeshauzima kwa ndoo za maji, lakini hakusikia neno. Alimkamata mama ukosi wa koti, akamtikisa mpaka kilemba kikaanguka matopeni, huku akimfokea kwa Kifaransa arudi kwao. Nikataka kumrarua. Mama aliniwahi. Alizungusha mpini wa jembe ukampata jirani kwenye taya, akaanguka chali, jino likatoka. Alipojaribu kuinuka akampiga tena, begani. Nilifurahi, sifichi. Nilifurahi mpaka nilipoona masharubu yake yamejaa damu, ndipo nikamnyang'anya mama lile jembe.

Chama kiliitisha kikao. Mwenyekiti, mwanamke mpole wa mtaa wa Etterbeek, alisema jirani hataenda polisi kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kumshika mwenzake, na kiwanja kitabaki chetu iwapo mama ataomba msamaha kwa yote mawili, moto na kipigo. Nilimsihi mama kwa Kiswahili, nikamfinya mkono chini ya meza. Niliogopa kumrudisha kwenye lile dirisha. Mama alisimama.

"Kule balinifukuza mu shamba yangu na bunduki, nikanyamaza," alisema. "Bon, pardon ya moto naomba. Ya kumupiga, hapana."

Nilitafsiri neno kwa neno. Kiwanja kikachukuliwa palepale. Tulipotoka mama alinitangulia hadi kituo cha tramu, na kwa mara ya kwanza tangu afike Ulaya alivuka barabara bila kunishika mkono.