Nilimuambia Atie Mizizi Uji Ingali Inatokota

Minye njo niliharibu. Ninaanza na hiyo, kusudi muntu asiniambie ni shetani. Ku kanisa balinisemea eti roho mubaya ilinitumia. Roho gani! Ni mudomo yangu, ni kidole yangu juu ya simu, na ni hamu ya kusifiwa na bantu benye hata nyumba zao sizijue.

Niko mama ya mutoto moja, hapa Likasi. Nilimaliza secondaire, nikaolewa, nikazaa. Majina nimebadilisha. Mwenye nilimukosea nitamuita Mama Rehema.

Alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Muntu ya Bukavu. Bwana yake alikuwa mutoto ya huku, creuseur, muchimba madini, udongo ilimuangukia mu shimo upande wa Kamatanda. Wakati nilizaa kwa kupasuliwa, siwezi hata kuinama, ni yeye alikuwa anafula nguo za mutoto yangu. Yeye mwenyewe iko mu kilio, kitambaa nyeusi ku kichwa, lakini anabeba mutoto yangu ku mugongo na kumuimbia wimbo ya kwao.

Muntu kama ule, unamufanyia nini? Minye nilimufanyia jeu, muchezo ya kuseka muntu.

Nilikuwa nashinda mu nyumba na mutoto, bwana yangu iko mu barabara na camion, courant ya umeme inakuja inaenda kama mugeni, na barrage ya Mwadingusha yenye kuitoa iko pale karibu. Dada moja akaniingiza mu groupe ya WhatsApp ya banamuke benye kupika munkoyo. Haikuwa ya kuuzisha. Ilikuwa ya furaha: unapika yako ku nyumba, unaweka photo, bengine banakusifu. Groupe iliitwa Munkoyo kwa Bote. Juu kabisa baliandika: hata kama haujashika mwiko, karibu, tutakufundisha.

Uongo mutupu!

Kwa mwenye hajui: munkoyo ni uji ya mahindi, unaiyeyusha na mizizi ya pori mpaka inakuwa nyepesi, tamu, inanyweka kama maji. Photo yangu ya kwanza nilikuwa nimepika na mizizi ya kukauka ya ku soko, na sukari kidogo. Sukari! Mama yee! Balinishukia kama kuku juu ya panzi.

"Hii ni munkoyo ao ni uji ya biberon ya mutoto?"

"Maman, hii mizizi uliikata ku pori ao ku ufagio?"

"Alisaga na mixeur! Babibi yetu banalia mu kaburi!"

Mukubwa wao nitamuita Yaya Béa; kwetu yaya ni dada mukubwa. Ule anakunywa mu kibuyu tu, glasi ni ya bantu benye hawana akili. Mizizi ya soko haigusi, yake inatoka mu pori, inachimbwa na muntu yake. Alikuwa anaonja munkoyo ya bengine kwa macho! Unaweka photo, anaandika: "Hii ilikosa siku moja ya kulala." Na siye bote tunaitika amina kama bajinga.

Na balikuwa na vyeo, kama banafunzi ya université. Mupya anaitwa bleu. Bleu haulizi mara mbili. Akiuliza, banamuambia aimbe kwanza. Bale ba juu banaitwa poilu. Ukitaka kupanda kuwa poilu, unaleta bleu yako weye mwenyewe, unamubatiza: unamufundisha kintu ya uongo, anapika, inaharibika, photo inapita, bantu banaseka mpaka machozi. Kisha njo anafundishwa ya kweli. Eti ni jeu. Eti hakuna muntu alikufaka na jeu.

Minye nilisekwa siku mingi mpaka nikachoka. Nikaanza kuitamani ile cheo. Haikuwa na faida hata kidogo. Haikuniletea mukate. Cheo ya mu simu! Na nililala nikiwaza juu yake.

Sasa, kilio ya bwana ya Mama Rehema ilikaribia kuisha. Jamaa ya marehemu bakaleta gunia ya mahindi na fût, pipa kubwa ya kupikia, bakasema: siku ya kumaliza kilio, mujane apike munkoyo peke yake, na mikono yake, bantu bote bakunywe. Ikipita vizuri, banamufungua kitambaa, anabaki mu nyumba ya bwana yake na batoto yake.

Alikuja kwangu akifuta mikono ku kitenge. "Kwetu tunapikaka kasiksi, pombe ya ndizi," akasema, anaseka seka na woga. "Hii yenu siijue hata kidogo. Na yaya ya marehemu ananiangalia mubaya, anangojea nikosee tu. Ndugu yangu, utanifundisha?"

Jibu yake ni fupi. Ningeisema kabla mutoto hajamaliza titi, na mambo ingeisha pale.

Nikamuambia: "Ingia mu groupe yetu. Kule njo kuko bafundi."

Akaingia. Akaandika na heshima yote: "Bamama, jambo yenu. Naomba munifundishe, ni ya kumaliza kilio ya bwana yangu." Ya kilio! Bote balisoma. Hakuna hata moja alisema huyu tumuache.

Yaya Béa akaniandikia pembeni: "Njo bleu yako hii. Mubatize leo, kesho uko poilu."

Nilijua kama mizizi ikiingia mu uji ya kutokota, nguvu yake inakufa. Uji inabaki nzito, inakuwa bukari, ugali ya kukata na mukono. Kila muntu ya huku anajua. Nikashika simu, nikatuma audio mu groupe na sauti ya mwalimu: "Mama Rehema, sikiliza muzuri. Usikawie. Uji ikiwa inatokota, inaruka ruka, njo unatia mizizi yote. Ukingojea ipoe, umeharibu."

Akanijibu: "Aksanti sana ndugu yangu. Mungu akuzidishie maziwa."

Nikajidanganya eti atajaribu kwanza mu nyungu kidogo, tutaseka, kisha nitamuonyesha. Wapi! Mahindi ilikuwa ile balimuletea, hakukuwa ingine ya kujaribia. Asubuhi naona moshi juu ya ukuta, nasikia anatwanga mizizi. Alikuwa ameweka fût muzima ku moto.

Nilisimama. Nilifika mpaka ku mulango, hiyo niliifanya kweli. Lakini simu ikalia, ikalia tena, bapoilu bananiandikia pembeni: "Photo! Photo! Tunangojea bukari ya bleu!"

Nikarudi kukaa. Aï, ile kiti! Ningekuwa na shoka ningeipasua, kama vile kosa ni ya kiti.

Kesho yake, siku yenyewe ya kumaliza kilio, nilikuwa wa kwanza kufika kwake. Mwiko ilikuwa imesimama yenyewe katikati ya fût. Nikapiga photo mbele hata ya kumusalimia. Nikaituma kwa bapoilu, pembeni. Nikafuta na ile audio yangu mu groupe, juu ni sheria yao, audio ya ubatizo inafutwa. Kisha njo nikatengeneza uso ya huruma.

"Ndugu yangu, mbona haiyeyuke?" Mama Rehema alikuwa anakoroga na mikono mbili, jasho inamutoka. "Nilifanya vile ulisema. Nilifanya yote!"

Nikasema: "Ngoja kidogo, labda itakuja."

Jamaa bakaingia. Mbele yao yaya ya marehemu, mama munene wa kitenge ya kilio. Akachota na kibuyu. Kikatoka kibonge, kikaanguka chini: pwa!

"Imekataa," akasema.

"Mama, labda nilikosea kupika..."

"Munkoyo haikosewi. Kwetu, mujane akiingiza mwanaume kabla kilio haijaisha, munkoyo inamukataa. Inatuambia. Nani alilala mu kitanda ya ndugu yetu?"

Hiyo imani yao sikuijua, naapa. Lakini nilijua ni munkoyo ya kilio, na hiyo peke yake ilitosha.

Mama Rehema akaacha mwiko. Akatosha simu mu kifua, akatafuta ile audio. Hakuna. Imefutwa. Akageuka kwangu, na mu uso yake kulikuwa hata raha kidogo, juu alikuwa na shahidi. "Yuko hapa mwenye alinifundisha. Ndugu yangu, baambie vile uliniambia."

Bote bakanigeukia. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mu kitenge, bale banaseka, banaseka.

Nikasema: "Minye? Nilikuambia ungojee ipoe."

Niliisema hivyo, na sauti ya kutulia, na mutoto yangu ku mukono.

Hakunitukana. Aliniangalia vile unaangaliaka muntu mu njia, unafikiri unamujua, kumbe hapana. Kisha akageuka.

Ile siku kitambaa nyeusi hawakumufungua. Balitosha vyombo vyake inje. Rehema, binti yake mukubwa, bakamushika, eti ni damu yao, hawezi kukomaa na mama malaya. Mutoto alilia mpaka sauti ikakatika. Mama yake akatoka na mudogo ku mugongo, na bale benye alizoea kuwasalimia mu avenue bakaingia mu nyumba zao.

Magaribi Yaya Béa akaweka taji ku jina yangu. "Mupya wetu poilu! Bukari ya kilio, hatujaona!" Bakapiga makofi ya mu simu. Nikaandika merci. Ndiyo, niliandika merci!

Kisha usingizi ikanikimbia. Nikaenda kwa yaya ya marehemu, nikapiga magoti, nikamuelezea yote: groupe, ubatizo, audio.

Akanisikiliza akichambua maharagi. "Hata kama ulimudanganya," akasema, "munkoyo ya mwanamuke safi ingeyeyuka tu."

Mu nyumba ya Mama Rehema bapangaji balikuwa balisha kuingia, niliona pazia yao ku dirisha. Damu ikanipanda. Nikamuambia: "Mama, hamukutafuta ukweli. Mulitafuta nyumba!"

Akaseka. Hata hakukasirika. "Na weye njo ulitupea ufunguo."

Nikatoka na ile neno mu masikio. Mupaka leo ningali naisikia.

Mu groupe nilituma audio, nikilia, nikasema tulifukuzisha mujane ku nyumba yake, siye bote. Moja akaweka uso ya kulia. Mwingine akauliza kama nimekunywa pombe kali ya lutuku. Yaya Béa akajibu: "Oh la la, maman. Jeu ni jeu. Hapa ni pa bantu benye moyo nguvu." Akanitosha mu groupe. Bangali pale, banaonja kwa macho, banakaribisha bapya: hata kama haujashika mwiko! Munasikia? Mungu abaone.

Nilimupata Mama Rehema upande wa Buluo, mu chumba moja ya kupanga. Alinipatia kiti. Aliuliza kama mutoto alisha kuota meno. Hiyo heshima yake ilinichapa kuliko fimbo. Ningependa anitukane.

Nikamuambia yote, bila kuficha. Yeye alikuwa anakata mboga ya lengalenga juu ya kinu ya kugeuza, kisu haikusimama. Nilipomaliza, akaniuliza:

"Basi ya kweli ni gani? Mizizi inaingia wakati gani?"

"Unaondoa uji ku moto. Unangojea ipoe mpaka kidole ivumilie mu ndani. Njo unatia."

Akanitazama. Akapandisha sauti, akamuita jirani wake ya chumba ya pili, mwanamuke mwenye hata siku mingi hawajajuana: "Mama! Huyu anasema uji ipoe kwanza, kisha mizizi. Ni kweli?"

"Eh, ni kweli," ule akajibu kule ndani. "Nani hajui hiyo?"

"Aksanti," Mama Rehema akasema. Njo akaamini.

Nikabeba mutoto yangu, nikaenda. Sikuomba tena anisamehe. Ningemuombaje? Rehema angali kwa shangazi yake. Nikipita pale ananiona anakimbia ndani.

Sasa weye mwenye unasoma. Najua bengine munaseka, munasema huyu ni mujinga wa munkoyo, minye sipikake. Haiko munkoyo peke yake. Iko kwa bafundi ya kushona, iko kwa benye kutengeneza simu, iko kwa bale ba ku chorale benye kumuacha mupya aimbe juu kusudi akauke sauti. Kila pahali kuko Yaya Béa, na kuko muntu kama minye mwenye kumuletea kondoo ya kuchinja ili asifiwe.

Muntu akikuuliza kintu yenye unajua, mujibu. Haumupendi? Muambie: sitaki kukufundisha, enda kwa mwingine. Hiyo nayo ni jibu, haimufukuzi muntu ku nyumba yake.

Na kama ulisha kudanganya, na bantu bangali banakuangalia, na yeye mwenyewe anakuita ndugu yangu: fungua mudomo pale pale, hata aibu ikuue. Ukingojea kesho, utasema ukweli yako yote, utalia, utapiga magoti, na itakuwa ya kupoza moyo yako tu. Yeye atakuwa alisha kutoka, na mutoto moja ku mugongo.