Fundi wa Kunakili na Kubandika

Taaka hakusoma, lakini macho anayo, na macho yalimwonyesha kwamba fundi wa tovuti hapa Busia, upande wa Uganda, hufanya kazi kwa vidole viwili tu. Hupuliza kibodi kama anayepoza chai, hufungua tovuti ya mtu, hunakili msimbo wake, huubandika kwake, kisha huegemea kiti na kuhema kama aliyetoka kulima. Sauti yake ni laini, ya kuongozea maombi. "Mama, kazi ni safi kabisa," alimwambia siku alipomkabidhi tovuti ya biashara yake ya dagaa.

Usafi wenyewe Taaka aliuona baada ya wiki nzima bila mteja. Alikwenda kwa fundi, akabonyeza mbele yake kile kitufe cha kupigia simu ya kuagiza dagaa. Simu ikapokelewa na Selpher, mpinzani wake wa upande wa Kenya. "Karibu, customer! Nikuwekee gunia ngapi?"

Kumbe bingwa alinakili tovuti aliyomtengenezea Selpher, akabadilisha jina na picha, namba ya simu akaiacha ilivyo. Wateja wa Tororo na Masafu wote walikuwa wamevushwa mpaka bila kuinuka vitini.

Taaka alimkazia macho. Fundi akatabasamu.

"Lakini Mama, si umeona? Kitufe kinafanya kazi."