Mwezi Ambao Gari la Baba Lilikodiwa

Gari la baba lilinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Hata akilisugua Jumapili nzima kwa sabuni ya unga na kuacha milango wazi juani, harufu ile ilibaki ndani ya viti, ikichanganyika na petroli na plastiki iliyochomwa na jua la Migori. Mimi niliipenda. Miaka ile ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi, kila likizo nilikaa kiti cha mbele kando ya baba tukipeleka mizigo ya watu Rongo na Homa Bay. Baba alikuwa mtu wa maneno machache kwa watu wote, lakini barabarani alinieleza habari za kila kilima na kila ukoo, na nikianza kusinzia alinigusa goti na kusema, “Apondi nyara, ukilala nani ataniangalizia barabara?” Nyara kwa Kijaluo ni binti yangu. Nyumbani tulikuwa watoto wanne, lakini ndani ya gari nilikuwa mtoto wa pekee.

Likizo moja ya Agosti harufu ile ikatoweka. Bi Mwanaidi, mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, alivuka mpaka kwa miguu na begi moja, akapanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na soko, akaulizia gari la kukodi. Alitaka kununua vikapu vya mafunjo ambavyo wanawake wa upande wa Magunga walisuka, akauze kwao. Walipatana na baba mwezi mzima, gari pamoja na dereva. Baba alishona upya viti vilivyochanika, akaweka kitambaa juu yake, na kufikia siku ya tatu gari lilinuka asumini. Nilidhani mgeni atakaa nyuma kama wakubwa wote. Yeye akafungua mlango wa mbele, akasema anapenda kuona anakokwenda. Nilisimama langoni na ndala zangu mkononi, kwa maana nilikuwa nimezivua ili nisichafue kile kitambaa.

Wivu una masikio makali. Jioni baba akirudi, nilisikia maneno mapya kinywani mwake. Yeye aliyezoea kusema “lete maji” sasa alisema “naomba maji, tafadhali.” Alitulazimisha kumwamkia mgeni shikamoo, neno ambalo kwetu tulilijua vitabuni tu, na nilipolitamka Bi Mwanaidi alicheka kwa upole. Baba naye akacheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko kofi. Mama, aliyekuwa fundi wa kushona, hakuonekana kusumbuka. Alikanyaga cherehani yake na kusema, “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.” Lakini siku ya kumi ilifika, na hakuna aliyempa jembe.

Alhamisi moja baba alipata habari kwamba wanawake wa Magunga wangekusanya vikapu vyote kesho yake. Alinituma nimwambie Bi Mwanaidi kwamba wataondoka saa kumi na mbili asubuhi. Njia nzima nililirudia lile agizo ili nisisahau. Nilimkuta barazani akisuka nywele zake mwenyewe bila kioo, na vidole vyake vyembamba vilinikasirisha. Nikafungua kinywa, nikasikia sauti yangu ikisema, “Baba anasema gari imeharibika. Kesho hamuendi.” Akanishukuru, akanipa tende mbili. Nilizila njiani, na zilikuwa tamu.

Asubuhi baba alifika pale na kuambiwa mgeni amepanda basi la kwanza kwenda Sirari, upande wa pili wa mpaka, kupiga simu kwao. Alirudi nyumbani akalala chali kitandani na viatu miguuni, jambo ambalo sijaliona tena. Alasiri Bi Mwanaidi alikuja kumpa pole ya gari. Mimi nilikuwa naosha vyombo.

“Imeharibika?” baba aliuliza. “Nani amekuambia, Madam?”

Bi Mwanaidi alinitazama. Sufuria ilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuiweka chini. Kisha akasema, “Basi nimesikia vibaya, kaka. Kiswahili chenu na chetu hupishana.”

Njia ya mwongo ni fupi, nami nilidhani yangu imerefushwa. Kumbe ilikuwa imebakiwa na siku moja. Jumamosi Bi Mwanaidi aliomba niende nao, nikae mbele, yeye akakaa nyuma. Tulipita Homa Bay bila kusimama, tukaingia barabara ya vumbi. Huko Magunga tuliwakuta wanawake kama wanane, na mmoja, mzee aliyevimba mguu, akaanza kusema kabla hatujashuka sote. Baba alikuwa akitafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Bi Mwanaidi akaniinamia. “Nitafsirie, mwanangu. Anasemaje?”

Nikamtafsiria. Nilisema kwamba jana walibeba vikapu kichwani tangu alfajiri, wakangoja hadi jua lilipozama, na huyu mama alirudi nyumbani akishikwa mkono. Kwamba wanauliza wamekosa nini.

“Waambie kosa ni langu,” alisema. “Waambie nawaomba radhi.”

Maneno yale yalikuwa mepesi kuyatafsiri. Niliyaanza, yakagoma. Badala yake nikasema kwa Kijaluo, mbele ya wale akina mama na baba aliyekwisha kusogea na jiwe lake mkononi, kwamba mimi ndiye niliyedanganya, kwa sababu sikutaka baba asafiri naye tena. Mzee yule alinitazama, akatema mate kando, akanikabidhi vikapu vyake nivipeleke garini mwenyewe. Nilikwenda na kurudi mpaka mikono ikafa ganzi. Baba hakunipiga. Kutoka Magunga hadi Migori, nikiwa kiti cha mbele, kando yake, kama nilivyotamani, hakunisemesha neno.

Mwezi ukaisha, Bi Mwanaidi akaenda zake, na baada ya wiki chache baba akaanza tena kuongea nami. Hatukulitaja jambo lile hadi alipofariki. Leo barabara hizo ni nzuri kuliko tulivyowahi kuota, na kazi yangu hunipeleka Kigali na Lusaka, ambako nakodi gari kwa kubonyeza simu, nikashushwa hotelini bila kujua dereva ana watoto wangapi. Watu hudhani umri hulainisha mambo, kwamba ningesema sasa namwelewa Bi Mwanaidi, nampenda hata. Namheshimu. Alinifunikia aibu ambayo hakuwa na sababu ya kuifunika. Lakini nikihesabu siku nilizokuwa na baba, na zimekwisha kuwa na hesabu, nakuta mwezi mmoja haumo. Uko Dar es Salaam kwa mwanamke ambaye huenda ameshausahau, na mpaka leo ningemnyang’anya.